Shati Moja, Bei Moja

Mgeni aliingia wakati Mama Vifungo akimwambia Kola kwamba, lau mdomo wake ungekuwa cherehani, wote wanne wangekuwa matajiri zamani. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa kiwiko, maana mikono yake ilikuwa imekumbatia furushi la kitambaa cha kijani kilichokolea, akasimama katikati ya chumba akitazama huku na huku kama mtu aliyetumwa kuchagua kuku.

"Samahani," alisema. "Bosi ni nani hapa?"

"Bosi alikuwepo," Kola akajibu. "Tukamshonea suti, akaondoka nayo, hatujamwona tena."

Mgeni hakucheka. Mzee Mkasi akakohoa, akamvutia kiti na kumwambia kwa adabu kwamba pale hapakuwa na bosi, walikuwa mafundi wanne tu, na karibu.

Na kweli hapakuwa na bosi. Chumba kilikuwa mwisho wa ujia, ghorofa ya pili, dirisha moja na meza moja ndefu ya kukatia, na kwa miaka mingi kilikuwa na desturi ambayo mafundi wengine mtaani waliicheka. Humo hakuna aliyeshona shati zima. Mzee Mkasi alikata. Kola alishona kola na kupachika mikono. Mama Vifungo alibandika mifuko, akatoboa matundu na kuweka vifungo. Pindo, mdogo wao kwa umri, aliunga mbavu na kupinda pindo la chini. Majina yao halisi yalikuwa yamelala usingizi huko nyumbani kwao. Chumbani kila mtu aliitwa kwa kazi yake. Shati lilianza kwa mzee, likaishia kwa binti, na lilipotoka hapo lilikaa mwilini kama limezaliwa na mvaaji.

Siku ile walikuwa wakigombana kwa sababu ya mwenye nyumba. Alikuwa ametuma ujumbe: kodi ya nusu mwaka, ilipwe mbele, kabla mwezi haujaisha, la sivyo vyombo vyao atavitoa ujiani. Nusu mwaka! Kola alisema waombe. Mama Vifungo alisema waliomba mwaka jana na mwaka juzi, na magoti nayo yana mwisho. Pindo alikuwa akifikiria cherehani aliyokuwa akiifanyia kazi. Haikuwa yake, ilikuwa ya chumba. Waliichangia wote kabla yeye hajaja. Chumba kikivunjika, Kola angeondoka na mashine yake, Mama Vifungo na yake, Mzee na mkasi wake. Yeye angeondoka na vidole.

Mgeni akaeleza shida yake. Kampuni yake ilikuwa ya walinzi. Alihitaji mashati mia sita.

Hata Kola alinyamaza, jambo ambalo Mama Vifungo alilitaja baadaye kuwa muujiza.

"Lakini karatasi zetu za mkataba zinataka jina moja," mgeni akaendelea. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayeuguza. "Sitaki kuwasumbua na mambo ya kubishana bei. Kubishana kunaharibu undugu. Nitamwachia kila mmoja wenu kitambaa cha shati moja. Alhamisi saa nne njooni ofisini. Anayetaka kutanguliza shati lake, amwachie mlinzi mlangoni, na bei aiandike aiweke mfukoni mwa shati. Si lazima mje pamoja."

Akakata vipande vinne, akampa kila mtu chake mkononi, akaaga. Alimpa Pindo cha mwisho, akamwambia, "Wewe bado kijana. Fikiria maisha yako."

Alipotoka, Mama Vifungo alifunga mlango.

"Mmeuona ujanja wake?" alisema. "Anataka tugombane."

"Tutakuwa tumekosa akili tukimpa raha hiyo," Kola akasema. "Mimi nasema twende pamoja. Akitaka jina moja, aandike la Mzee. Kazi tugawane."

Mzee Mkasi alikuwa akikikunja kitambaa chake polepole. "Shati moja, bei moja," alisema. "Tununue kitambaa chetu wenyewe, tushone shati letu kama tunavyoshona siku zote. Na vipande vyake hivi, kila mmoja arudishe chake kikiwa kizima, hakijaguswa na mkasi. Huo utakuwa ushahidi wetu, kwake na kwetu sisi wenyewe."

Wakakubaliana bei palepale, bei ya haki, yenye kodi ndani yake na faida kidogo juu. Wakaweka viganja vyao juu ya meza ya kukatia, kimoja juu ya kingine, wakaapa. Pindo alihisi machozi yakimlenga. Aliwahi kuambiwa kwamba pesa ikiingia mlangoni, utu hutokea dirishani, na sasa aliwaona watu watatu waliomkataza kuamini hivyo.

Jioni, kila mmoja aliondoka na kipande chake. Walisema ni kwa sababu ya panya. Chumba kile hakikuwahi kuwa na panya.

Kesho yake walilishona lile shati, kwa kitambaa cheupe walichokinunua. Mzee alikata, Kola akaiimbia kola yake, Mama Vifungo akamwambia kola itakimbia ikimsikia. Vipande vilipomfikia Pindo, aliona ukingo wa chini. Upande wa kushoto ulikuwa umeyumba. Si sana; upana wa kucha. Lakini haikuwa mara yake ya kwanza kuona. Kwa miezi kadhaa sasa alikuwa akizipokea kingo zilizoyumba, akikunja zaidi hapa na kidogo pale mpaka chini panyooke, makosa yakabaki yamelala ndani ya pindo. Alidhani ni macho ya uzee.

Wenzao walipotoka kwenda kula, Mzee Mkasi alibaki. Akavuta kiti karibu na mashine ya Pindo.

"Unayaficha," alisema.

"Nini, Mzee wangu?"

"Usinifanye mtoto. Pindo la kushoto ni nene kuliko la kulia. Najua ulichokunja humo." Akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya mashine, na Pindo akauona ukitetemeka, mtetemeko mdogo usiokoma, kama wa kuku aliyeshikwa. "Ulianza mwaka jana. Asubuhi ni afadhali. Nikiukandamiza mezani hutulia, nikiuinua huanza upya. Mkata nguo asiyeweza kunyoosha mkono ni nani, mwanangu? Ni mdomo tu wa kulishwa."

"Si tuwaambie tu, Mzee? Hawatakutupa."

"Hawatanitupa. Watanionea huruma. Watanipa kazi ya kushika tepu na kuchemsha chai, na watazungumza polepole nikiwa karibu." Akauficha mkono mfukoni. "Niahidi tu. Usimwambie mtu. Hata wakikuuliza."

"Nakuahidi."

Ilikuwa ahadi ndogo, haikuwekewa viganja wala kiapo. Mzee akaitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kutafuta chai.

Pindo aliishi kwa dada yake, akilala sebuleni baada ya watoto kumaliza kuichafua. Jioni hiyo alimsimulia dada yake habari za kile kiapo. Dada yake alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho.

"Wanne wote mmeapa?"

"Wote."

"Na vitambaa mmekwenda navyo nyumbani."

"Ndiyo, lakini..."

"Mdogo wangu, wewe shule uliyosoma waliwafundisha wema, hawakuwafundisha watu." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye mchele. "Huyo Kola ana watoto wangapi? Huyo mama ana mume anayefanya kazi? Tumbo halina rafiki. Sisemi ni wabaya. Nasema wana njaa, na wanakujua wewe ni mjinga."

"Huwajui."

"Sina haja ya kuwajua. Ni watu." Kisha akalainisha sauti. "Shemeji yako ameuliza tena lini utapata pa kwako. Nimemwambia karibuni. Nimwambie karibuni hii ni lini?"

Pindo alilala akiwa amewakasirikia wote, dada yake zaidi, kwa kuwa maneno yake hayakutaka kutoka masikioni.

Jumatano alifika chumbani mapema kuliko kawaida. Alitaka tu kukaa na kukitazama chumba kikiwa kimya, na kujionea aibu kwa kushuku. Alipopita karibu na cherehani ya Kola, akaishika kichwa, bila sababu, kama unavyomshika mtu bega.

Kilikuwa cha moto, kama kimetoka kutumika sasa hivi.

Alisimama hapo. Kisha akainama. Chini ya meza, vipande vidogo vya uzi wa kijani vilikuwa vimezolewa na kusukumwa kwenye kona kwa haraka. Karibu na mashine ya Mama Vifungo akaokota duara dogo la kitambaa cha kijani, aina ile inayobaki tundu la kifungo linapotobolewa kwa mkasi mdogo. Lilikuwa limekauka na kujikunja. Hilo lilikuwa la jana au juzi.

Walipoingia, Kola alimsalimu kwa utani wake wa kila siku, akamwita malkia wa chini. Mama Vifungo alimletea andazi. Pindo alilila andazi lile. Lilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomvunja nguvu kuliko yote: kwamba mtu aliyekuwa amekwisha kumsaliti aliweza kumchagulia andazi lililoiva vizuri, na kwamba vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Angeweza kusema. Mara mbili alifungua mdomo. Lakini aseme nini? Akiwaumbua, kiapo kimekufa na kazi imekwenda. Akinyamaza, kazi imekwenda na wao. Alihesabu njia zote na kila moja ilimrudisha pale pale, kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango upande usio na mlango.

Jioni, wengine walipoaga, alisema anamalizia kazi. Akakitoa kitambaa chake mfukoni.

Hakuwahi kukata shati. Alilifahamu kuanzia kiunoni kwenda chini. Huko juu kulikuwa nchi ya wengine. Alilaza lile shati lao la pamoja juu ya meza, akachora kwa chaki kulizunguka, akakata huku akishusha pumzi. Mikono ilimshinda. Mmoja ulitoka mrefu, na alipoufupisha ukawa mfupi kuliko mwenzake. Kola ilikataa kusimama. Aliipiga pasi, aliitia gundi ya kitambaa, bado ililala kama paka mgonjwa. Pindo la chini tu ndilo lilikuwa zuri, na lilinyooka kwa namna ya kuchekesha chini ya takataka ile yote. Kisha akaandika bei. Aliandika ile ya kiapo, akaikata. Akaandika pungufu. Akamfikiria Kola ameandika ngapi, akapunguza tena.

Alhamisi asubuhi alimpelekea mlinzi wa ofisi ile shati lake, bei ikiwa mfukoni mwake. Mlinzi alimtazama, akatabasamu.

"Nyinyi mafundi," alisema, "leo mmeamka na jogoo."

Saa nne kasoro walikutana wote wanne chini ya ngazi, Mzee akiwa amelibeba shati la pamoja ndani ya karatasi safi.

"Vile vitambaa vya kurudisha?" Mzee akauliza.

"Changu nimekisahau kitandani," Kola akasema.

"Changu mtoto kakimwagia maji, kiko kwenye kamba," akasema Mama Vifungo.

Pindo alisema amekisahau pia. Haya ilimpanda mpaka masikioni.

"Mimi changu nimekwisha kukirudisha," Mzee akasema, na hakuna aliyeuliza zaidi. Wakapanda.

Mgeni, ambaye pale ndiye aliyekuwa mwenyeji, aliwaketisha kwa heshima. Akalipokea shati la pamoja, akalisifu, akalilaza mezani. Halafu akavuta droo.

Akatoa shati la kwanza. Kola yake ilisimama kama askari wa gwaride na mikono ilikaa sawasawa, lakini mfuko ulining'inia upande na matundu ya vifungo yalikuwa kama yametafunwa. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni la nani. Kola akaanza kutazama feni.

Akatoa la pili. Vifungo vilikuwa vimepangika kama meno ya mtoto, mfuko umekaa kama picha ukutani. Kola ilikuwa sikio la mbuzi, na mikono imepachikwa mbele nyuma. Mama Vifungo akasema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu," kama mtu anayekutana na mtoto wake akiwa uchi barabarani.

Akatoa la tatu, na Pindo akaliona lile pindo lake zuri likipigwa na mwanga wa dirisha.

Mtu angeweza kucheka. Kwa siku yoyote nyingine Kola angecheka mpaka akae chini. Miaka yote ile ya kushona pamoja ilikuwa mezani pale, kila mtu na kipande chake, na hakuna kipande kilichoweza kusimama peke yake.

Kisha mgeni akatoa kitambaa kilichokunjwa, kizima, hakijaguswa na mkasi.

Wote watatu wakamgeukia Mzee Mkasi. Mama Vifungo alianza kulia palepale. "Mzee, wewe peke yako," alisema. "Wewe peke yako ndiye uliyesimama. Sisi tumekuwa nini?"

Mzee alikuwa akitazama viatu vyake.

Mgeni akakifungua kitambaa. Ndani ya mkunjo palikuwa na karatasi. Akaisoma bei kwa sauti ileile ya upole. Ilikuwa ndogo kuliko ya Kola, ndogo kuliko ya Mama Vifungo, ndogo kuliko ya Pindo. Ilikuwa bei ya mtu aliyeshikwa na hofu. Kitambaa hakukikata kwa sababu mkono haukumtii tena, lakini kupunguza bei aliweza.

Mama Vifungo akayafuta machozi yake kwa kiganja, pole pole, kama mtu anayeyarudisha alikoyatoa.

"Basi," mgeni akasema. "Shati nimelipenda hili mliloshona pamoja. Bei nimeipenda hii ya mzee. Nitachukua shati hili kwa bei hii."

"Kwa bei hiyo uzi hatupati," Kola akasema.

"Bei ni yenu, ndugu yangu. Mimi sikutaja hata moja."

Ilikuwa kweli. Bei ile ingelipa kodi ya nusu mwaka, na baada ya hapo wangeshona mashati mia sita kwa ajili ya kuwa na mahali pa kushonea.

Mgeni alilichukua shati la pamoja, akalipindua chini juu. Vidole vyake vilikuwa vimezoea nguo. Vikatembea kwenye pindo, vikasimama kushoto.

"Hapa ni nene. Kwa nini?" Akamtazama Pindo. "Pindo ni kazi yako, siyo?"

"Ndiyo."

"Kitambaa cha mashati mia sita ni pesa yangu, lazima nijue. Ama wewe hujui kupinda, ama aliyekata alikata kombo na wewe umemfichia." Akasogea mbele. "Kama ni mkataji, niambie tu. Nina mahali wanakata kwa mashine. Mkataba nitauandika kwa jina lako, cherehani nitakukopesha, na hawa utawaajiri mwenyewe ukitaka. Kama ni wewe, mzee atasaini, na pindo litapelekwa kwa wengine. Sina ubaya na mtu."

Kola akageuka kumtazama. Mama Vifungo pia. Hawakujua, nyuso zao zilikuwa zinauliza tu. Pindo akamtazama Mzee Mkasi, naye safari hii akainua macho. Midomo yake ilifunguka kidogo. Pindo akangoja. Alingoja kwa moyo wake wote, maana neno moja la mzee lingemfungua kutoka ahadi ile, na angetoka pale bila kuvunja kitu. Midomo ikafunga. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni, na kitambaa cha suruali juu yake kilikuwa kikitikisika kidogo, kama kuna mdudu ndani.

Alitaka kumchukia. Hasira aliikuta, akaishika, lakini nyuma yake alimwona mtu mzima anayeogopa kuchemsha chai, na hasira ikakosa pa kukaa. Alimfikiria dada yake na ile sebule. Alifikiria jina lake, lile lililolala nyumbani, likiwa limeandikwa juu ya mkataba. Kiapo kikubwa walikuwa wamekivunja wote, naye pia. Hapakuwa na faida tena ya kukilinda. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa kile kidogo tu, na hakuna ambaye angejua kama angekiangusha.

"Ni mkono wangu," alisema. "Bado sijakomaa. Mzee anakata vizuri."

Mgeni akalitazama pindo, akamtazama yeye. Pengine alijua. Akainua mabega.

"Umejisemea mwenyewe," alisema, akausukuma mkataba mbele ya Mzee Mkasi na kalamu juu yake.

Mzee hakuigusa kalamu. Alitazama kalamu ile kama mtu anayetazama mto uliofurika. Kuutoa mkono mfukoni kulikuwa kuuonyesha mbele ya wote, na kuandika jina kungetaka auinue, bila kitu cha kuukandamiza. Mgeni akagonga meza kwa kidole. "Mzee?"

Pindo akainuka. Akaenda upande wa mzee, akasimama kati yake na mgeni, akainama kama mtu anayesaidia.

"Hii karatasi inateleza," alisema. "Ngoja niishike."

Akalaza mkono wake wa kushoto juu ya karatasi, na kwa ule wa kulia akashika kifundo cha mkono wa mzee ulipotoka mfukoni, akaukandamiza mezani kwa nguvu zake zote mpaka ukatulia, na hakuuachia mpaka mzee alipomaliza herufi ya mwisho ya jina lake.